Sura ya Nne: Hali ya Hewa ya Shimoni

Kwa mama yangu, Tanga, chumvi haikai kavu. Masika yakishika kasi mwezi wa Aprili, ukifungua kikopo asubuhi unaikuta imelowa na kushikana bonge, kijiko hakipiti mpaka uichokoe kwanza. Mama hutia punje za mchele humo zinyonye maji, kama alivyofanya bibi kabla yake. Hapa Hamburg ninakoishi, mwezi wa Januari chumvi humiminika kama mchanga mkavu, na kikopo changu hakijawahi kuhitaji mchele.

Chumvi ina kipimo chake. Hewa inayoizunguka ikizidi unyevu wa asilimia 75 hivi, huvuta maji na kulowa. Ikiwa chini ya hapo, hubaki kavu. Ukishaijua kanuni hiyo, kikopo cha jikoni kinakupa habari ya hewa ya nyumba nzima bila betri wala kioo cha namba. Mbele kidogo nitaonyesha kazi nyingine ambayo chumvi humfanyia mfugaji wa tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya ambao kitabu hiki kinawahusu.

Anayenunua tarantula huku Ulaya mara nyingi hukabidhiwa pia kikaratasi: jina la Kilatini, nchi anakotoka, joto nyuzi 28, unyevu asilimia 80. Nami nilikabidhiwa changu. Nikakibandika ubavuni mwa tangi la kioo, nikanunua kipima joto na kipima unyevu, na kwa miezi kadhaa nikawa mtumwa wa namba mbili. Unyevu ukishuka hadi 70, napuliza maji. Joto likishuka hadi 26, nawasha umeme. Sikujiuliza swali ambalo mtu wa Tanga alipaswa kuliuliza siku ya kwanza: asilimia 80 ya wapi? Ya juu ya ardhi au ya chini yake? Ya saa sita mchana au ya alfajiri? Ya masika au ya kiangazi?

Vituo vya hali ya hewa hupima joto na unyevu ndani ya kisanduku cheupe kilichoinuliwa mita moja na nusu hivi kutoka ardhini, kivulini, penye kupitisha upepo. Ukisoma kwamba mji fulani una nyuzi 31 leo, namba hiyo imetoka ndani ya kisanduku kama hicho. Hakuna tarantula anayeishi humo.

Nililielewa jambo hili Korogwe, Februari moja nilipokwenda likizo. Mjomba ana shamba tambarare, upande ambao milima ya Usambara inaonekana kwa mbali na mkonge umetanda mpaka macho yachoke. Nilikuwa nimemwambia ninachofuga, naye akanipeleka nyuma ya shamba, chini ya mti wa miiba, akanionyesha tundu la mviringo lenye utando mwembamba mdomoni. Udongo ulikuwa mwekundu, umepasuka kwa ukavu. Nikamuuliza, "Mjomba, anaishije humu na pakavu hivi?"

"Usitie mkono," akasema. "Weka kiganja hapo juu tu, mjomba, halafu useme."

Nikaweka kiganja juu ya mdomo wa tundu. Ubaridi ulinigusa, hafifu lakini dhahiri, kama mtu aliyesogeza mkono karibu na mdomo wa mtungi wa maji. Nilikuwa na kipima joto kidogo chenye waya mrefu. Kwenye udongo wa nje, juani, kilisoma nyuzi 47. Nilipouteremsha waya taratibu kwa msaada wa kijiti, kama sentimita 40 chini, kikasoma 29. Hatua ya mkono mmoja tu, na tofauti ya nyuzi 18.

Udongo ni blanketi. Jua la mchana hupasha uso wa ardhi, lakini joto hilo hushuka polepole sana, na kabla halijafika mbali usiku huwa umeingia na uso umeanza kupoa. Nusu mita chini, mchana na usiku karibu havitofautiani. Maji nayo hufanya vivyo hivyo: mvua iliyonyesha wiki tatu zilizopita imeshasahauliwa juu, ila chini udongo bado una ubichi, na hewa iliyotuama ndani ya tundu hubeba unyevu ambao upepo wa nje haujui. Kwa hiyo buibui wa Korogwe haishi katika hali ya hewa ya Korogwe. Shimo lina hali yake ya hewa, na mwenye shimo huichagua kwa kupanda na kushuka. Usiku hukaa mdomoni akisubiri mende. Jua likikaza huteremka. Mvua ikijaa chini hupanda. Siku nzima anatembea juu ya kipimo, kwa miguu minane.

Tangi la kioo lenye udongo wa vidole vitatu humnyang'anya kipimo hicho. Halina juu wala chini, lina sehemu moja tu yenye namba moja. Mfugaji hata akiipata namba hiyo barabara, amemfungia mnyama mahali ambapo hawezi kuchagua.

Jina la mahali nalo hudanganya. Yuko buibui mmoja wa kwetu ambaye ni maarufu kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani, Pterinochilus murinus, aliyepewa jina hilo na mwanazoolojia Pocock mwaka 1897. Eneo lake ni kubwa, kuanzia Afrika Mashariki na kusini hadi Angola, lakini wale wa rangi ya machungwa iliyokolea huuzwa kwa jina la Usambara. Msomaji wa Berlin au Chicago akitafuta Usambara anaona picha za misitu ya Amani yenye ukungu, mashina yaliyoota mwani, maji yanayochuruzika. Basi anamnyunyizia buibui wake maji kutwa mara mbili. Masikini mnyama wa watu! Huyu ni buibui wa vichaka vikavu. Mweke kwenye udongo mkavu wenye kina, gome la kujisitiri na kisahani cha maji, atasuka utando kila kona na kuishi miaka. Mlowanishe, atapanda ukutani na kung'ang'ania kioo, akikukimbia wewe na ukarimu wako. Tarantula wa ardhini anayekaa ukutani siku baada ya siku anatoa malalamiko, na mara nyingi malalamiko yake ni kwamba chini kumelowa.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu limeua, na bado linaua wengine.

Buibui wangu wa pili alikuwa Pelinobius muticus, yule mkubwa wa rangi ya kutu anayeishi Kenya na Tanzania. Ni mchimbaji hodari. Miguu yake ya nyuma ni minene kama imevalishwa buti, na akiudhika hutoa mlio wa kukwaruza, kama mtu anayepitisha kidole kwenye kitana. Niliyekuwa naye alikuwa bado mdogo. Nilimwekea udongo wa sentimita 20, na kwa kuwa ilikuwa Desemba nikanunua mkeka wa joto, ule wa plastiki bapa wenye waya za umeme ndani. Maelezo ya kwenye boksi yalisema uwekwe chini ya tangi. Nikauweka.

Kwa siku nne alichimba. Nilifurahi, nikadhani amepapenda. Siku ya tano sikuona udongo mpya mdomoni mwa shimo, ya sita pia. Nilipofukua nilimkuta amelala kwenye kioo cha chini kabisa, miguu imekunjwa chini ya kifua kama ngumi. Niligusa kioo kile kwa upande wa nje nikautoa mkono haraka. Kipima joto kilisoma 41.

Yeye alifanya kila alichofundishwa na mababu wa mababu zake. Tangu zamani, kwa kila buibui mchimbaji, joto hutoka juu. Ukiona moto, nenda chini. Nami nilikuwa nimeligeuza jua nikaliweka chini ya miguu yake. Kadiri alivyochimba kukimbia joto ndivyo alivyolisogelea, na hakuwa na namna ya kujua.

Kwa hiyo, msomaji, kama hutachukua jingine katika sura hii, chukua hili: mkeka wa joto usikae chini ya tarantula anayechimba. Ukilazimika kuutumia, uubandike ubavuni, upande mmoja tu, juu ya usawa wa udongo, na uunganishe na themostati ambayo hukata umeme joto likifika ulipopanga. Mkeka usio na themostati haujui kusimama. Bora zaidi, pasha chumba badala ya kupasha chombo. Nyumba yenye nyuzi 20 hadi 27 inawatosha tarantula karibu wote wanaofugwa. Kwenye nyuzi 20 mnyama atakula kidogo na kukua polepole, basi. Baridi ya wastani humpunguzia mwendo. Joto lililozidi humuua kwa siku moja. Umeme ukikatika usiku wa baridi usihangaike kuwasha mishumaa karibu na kioo. Funika chombo kwa blanketi, acha njia ya hewa, mngoje asubuhi.

Taa ya joto ndiyo mbaya kuliko yote, kwani juu ya kumchoma hukausha. Ili kuona kwa nini joto hukausha, turudi kwenye Januari ya Hamburg.

Nje kuna ukungu, nyuzi 0, na redio inasema unyevu ni asilimia 100. Ndani midomo imepasuka na chumvi inamiminika. Inakuwaje? Hewa baridi haina uwezo wa kubeba maji mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 0 ikijaa kabisa ina gramu 5 tu za mvuke. Ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17, na ya nyuzi 30 gramu 30. Hewa ile ya nje ikiingia sebuleni na kupashwa hadi nyuzi 20, bado ina gramu zake 5, ila sasa chombo chake kimekuwa kikubwa: 5 kwa 17, chini ya asilimia 30. Ukiipitisha tena kwenye tangi lililopashwa hadi nyuzi 30, inakuwa 5 kwa 30. Hiyo ni asilimia 17 au pungufu, ukavu mkali hata kwa mnyama wa nyikani, na hewa ya namna hiyo hunyonya maji popote itakapoyapata: kwenye udongo, kwenye kisahani, kwenye mwili wa buibui.

Mfugaji anaona kipimo kimeshuka, anashika chupa ya kupulizia. Maji yanatua juu ya udongo, kipimo kinaruka hadi 90, anaridhika. Baada ya saa mbili yamekauka. Anapuliza tena. Udongo wa juu unalowa na kukauka mara tatu kwa siku, wa chini mkavu kama majivu, kioo kinatoka jasho upande ulio karibu na dirisha, na baada ya wiki mbili ukungu mweupe unaota kwenye gome. Shimoni mambo ni kinyume kabisa: juu pakavu, chini pana ubichi.

Dawa yake inatoka kwetu, na hili hunipa faraja kila ninapolifanya. Udongo ambao wafugaji wengi duniani hutumia ni unga wa makumbi ya nazi. Ni yale makumbi ambayo bibi alikuwa akiyafukia kwenye maji ya mkoko miezi mingi, kisha akayapondaponda kupata usumba wa kusokotea kamba. Ule unga uliodondoka chini hakuna aliyeuthamini. Leo unakandamizwa matofali na kuuzwa dukani. Tofali la gramu 650 ukiliroweka kwenye maji ya uvuguvugu hufumuka na kukupa lita 8 hivi za udongo laini wa kahawia, wenye harufu ileile ya ua wa bibi. Hushika maji muda mrefu na hauozi upesi. Mimi huuchanganya na udongo wa kawaida usio na mbolea, kwa sababu ukiwa peke yake ukikauka unakuwa mwepesi na shimo hubomoka.

Chukua fumba la mkono, ulikamue. Yakitoka maji, umezidisha. Likishikana kama tonge na mkono ukabaki na ubichi tu, hapo ndipo penye kumfaa buibui wa misitu kama Theraphosa blondi wa kaskazini mwa Amerika Kusini, ambaye asiachiwe udongo ukauke hata siku moja. Kwa buibui wa nyikani acha tonge lile likauke mpaka lipukutike, kisha mwaga maji kidogo kwenye kona moja tu. Mwaga kabisa, usipulize. Yaache yateremke kando ya kioo mpaka chini, yasambae huko. Juu patakauka kwa siku mbili tatu, chini patabaki na ubichi wiki kadhaa, na buibui wako atakuwa tena na juu na chini. Kina cha udongo kwa mchimbaji kama Pelinobius kisipungue sentimita 30. Kisahani cha maji kiwepo daima, bila sponji, maana sponji huoza. Tarantula hunywa, nimemwona akiinamisha kifua chote kwenye kisahani na kutulia hapo dakika kumi.

Kunywa kwake si jambo dogo. Viungo viwili vikuu vya mguu wa buibui havina misuli ya kuvinyoosha. Vinanyooshwa kwa majimaji ya mwili yanayosukumwa kutoka kifuani, kama breki ya gari inavyosukumwa na mafuta. Majimaji yakipungua, nguvu ya kunyoosha inakwisha na miguu inajikunja chini. Ukimkuta hivyo na bado anatikisika, mlaze penye karatasi iliyolowa, mdomo ukigusa ukingo wa maji, umwache palipo kimya. Wengi hufufuka ndani ya siku moja.

Nimesema habari za maji. Bila hewa maji hayo huwa sumu. Tarantula hupumua kwa mapafu manne yaliyo chini ya tumbo, kila moja likiwa na kurasa nyembamba zilizopangana kama za kitabu, na hewa hupita kati yake. Yupo Caribena versicolor wa kisiwa cha Martinique, anayezaliwa wa buluu na kukua akawa na tumbo jekundu na mgongo wa kijani. Sidhani kama yupo buibui mzuri kumshinda. Anaishi mitini, kisiwani, penye upepo wa baharini. Kwa miaka mingi wafugaji waliamini anataka unyevu mwingi, wakaziba matundu ya chombo ili mvuke usitoke, na wadogo wake wakafa kwa wingi, asubuhi moja mzima, ya pili maiti. Walipofungua matundu na kupunguza maji, vifo vilipungua. Unyevu wa kisiwani huja na upepo. Unyevu uliofungiwa ni uvundo.

Wajenzi wa nyumba za kale za Pwani walijua kupitisha hewa: dirisha huku, tundu kule juu, upepo wa bahari ukaingia na hewa ya moto ikatoka. Toboa chombo chako kwa namna hiyo, matundu ya upande mmoja yawe chini, juu kidogo ya udongo, na ya upande wa pili yawe karibu na kifuniko. Kioo kikitoka jasho asubuhi na kukauka kabla ya adhuhuri, usijali. Kikikaa na jasho kutwa, hewa haipiti.

Watoto wa tarantula wana shida yao. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na ujazo wake, kwa hiyo hukauka upesi, na hata mtoto wa buibui wa nyikani anahitaji upande mmoja wenye ubichi mpaka akue. Na mnyama wa umri wowote anapokaribia kujivua ganda, ameacha kula na tumbo limeanza kung'aa, hakikisha kisahani kimejaa. Maji yatakayomsaidia kulisukuma ganda la zamani ni yale aliyokunywa siku zilizotangulia. Ukimkuta amelala chali, hajafa. Usimpulizie maji, usimgeuze, usihamishe chombo. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na baadaye umpe siku kadhaa meno yake yakomae kabla hujamtilia nyenje.

Imebaki kazi ya pili ya chumvi. Vipima unyevu vya bei rahisi, hasa vya mshale, hukosea sana. Nimewahi kuviweka vitatu mezani pamoja na kila kimoja kikasema lake. Chukua kizibo cha soda, kijaze chumvi ya mezani, idondoshee matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Kiweke kizibo pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, ufunge, uuache chumbani saa nane au kumi. Ndani ya mfuko huo hewa itatulia kwenye asilimia 75. Kipimo chako kikisema 75, kiamini. Kikisema 63, andika nyuma yake kwa kalamu: ongeza 12.

Ukishakihakiki, usikitundike ukutani. Kilaze juu ya udongo siku moja, kisha kizike nusu kwenye mdomo wa shimo siku ya pili. Utaona namba mbili tofauti katika chombo kimoja, na hizo mbili ndizo unazozitaka.

Fanya haya yote kabla hujanunua buibui. Jaza udongo, mwaga maji kwenye kona, weka kisahani, funga kifuniko, na ukiache chombo kitupu wiki mbili mahali ambapo kitakaa. Kipime asubuhi na jioni, juu na chini, na siku ambayo kipasha joto cha nyumba kimewaka sana. Ukungu ukiota, ongeza matundu na uanze upya. Kukiwa na joto la kuruka kutoka 19 hadi 33, tafuta chumba kingine. Buibui anaweza kungoja dukani mwezi mmoja zaidi.